Nimerudi nyumbani lakini sijafika

Swali lenyewe kwanza, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, sasa nipo Leicester mwaka wa 17. Desemba nilirudi nyumbani wiki 3, mara ya kwanza tangu 2015. Mama hakuniacha nioshe hata kikombe. Majirani wananiita mgeni. Mdogo wangu wa kiume ambaye ndo anakaa na mama alikuwa ananisemesha kama anaongea na bosi wake. Nikarudi Leicester nikalia wiki nzima. Kwenye hadithi tulizosoma shule mtu akirudi kwao ndo hadithi imeisha, mbona mi nilivyorudi ndo ikaanza? Fasihi inasemaje kuhusu kurudi? Na je nirudi moja kwa moja au nisirudi? Nina mtoto wa miaka 6, hajawahi kufika Tanga."

Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo wiki ya kulia. Swali lako nimekaa nalo siku kumi, nalianza naliacha, manake kila nikitaka kukujibu kama mwalimu najikuta nakujibu kama mtu ambaye yalimkuta.

Kabla ya vitabu nataka uone kitu umekiandika mwenyewe. Umesema Desemba "nilirudi nyumbani", halafu kidogo tu chini yake ukasema "nikarudi Leicester". Neno lilelile, mara ya kwanza linakupeleka Ngamiani, mara ya pili linakutoa. Sikucheki. Nimefundisha fasihi na lugha miaka 31 kabla sijastaafu na nimejifunza kwamba mkono unaandika kabla kichwa hakijaamua, kwahiyo lile swali lako la mwisho kuna sehemu umeshalijibu na kuna sehemu umelikwepa. Tutalifikia.

Hili neno kurudi lina mambo mengi kuliko linavyoonekana. Tumelitoa kwenye Kiarabu kama tulivyotoa mwenzake kurejea, ila tulipolifikisha nyumbani tukalipa kazi zetu wenyewe. Mtoto akikosea mzazi anamrudi, yaani anamkanya, pengine na kiboko kidogo. Mlevi akiacha pombe tunasema amejirudi. Na nguo, hapa ndo pananifurahisha mimi, nguo ya pamba ukiiloweka kwenye maji ya moto ikatoka imebana tunasema imerudi. Nguo ni yako, rangi ileile, kile kifungo ulichokishona mwenyewe kwa uzi wa rangi nyingine bado kipo, lakini ukiivaa inakukaba kwapani na mikono inaishia njiani. Sasa kwa maana hiyo nani aliyerudi Desemba, wewe au nyumba ya mama yako? Mi nadhani uliivaa ile nyumba ikakukaba, na badala ya kusema imerudi ukadhani we ndo umenenepa.

Haya, vitabu. Hiyo habari ya kwamba mtu akirudi kwao hadithi imeisha, lawama ni yetu walimu, tunawasomesha kwa muhtasari. Chukua hadithi kongwe kabisa ya kurudi ambayo Wazungu wote wanaitolea mfano, utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, unaomhusu Odysseus. Ukiuliza mtu atakwambia ni hadithi ya mfalme aliyehangaika baharini mpaka akafika kwake, basi. Lakini utenzi ule una sehemu 24, na jamaa anatia mguu kisiwani kwake Ithaca sehemu ya 13. Karibu nusu nzima ya kazi ile ni mtu ambaye tayari yuko kwao, anahangaika kufika.

Tena anafika amelala! Mabaharia wa watu wanambeba na matandiko yake, wanamlaza mchangani, wanamwekea mizigo pembeni wanaondoka zao. Anaamka kuna ukungu, mahali hapajui. Miaka 20 hajaiona nchi yake, 10 ya vita na 10 ya kutangatanga, na kitu cha kwanza anachouliza ni jamani hii tena nchi ya nani, watu wake wastaarabu au washenzi, halafu anaamini kabisa wale mabaharia wamemtapeli wamemshusha kwingine, anaanza kuhesabu mizigo yake kama mtu aliyeamshwa na konda usiku wa manane pale Segera. Nilipokuwa nasomesha kipande hiki wanafunzi walikuwa wanacheka sana, ila kila darasa kuna mmoja ambaye hacheki, na ukifuatilia unakuta ni yule aliyelelewa kwa mjomba mbali akarudishwa kwao akiwa mkubwa.

Kinachofuata ndo kinakuhusu zaidi. Odysseus hajitangazi. Anaingia nyumbani kwake mwenyewe na matambara, kama ombaomba, na kwa sababu ni ombaomba watu wanamwonyesha tabia zao za kweli, anayemrushia kigoda anamrushia, anayempa mkate anampa. We uliingia na nini? Naweza kubahatisha, mabegi mawili ya kilo 23, nusu chokoleti na viatu vya watoto wa watu. Mwanangu mtu mwenye begi la zawadi haonyeshwi ukweli, anaonyeshwa meno. Sikulaumu, mkono mtupu haulambwi na sisi sote tumelelewa hivyo, ila ujue kwamba zile tabasamu za siku ya kwanza zilikuwa zinaangalia begi na wewe ulikuwa umesimama nyuma ya begi.

Na anavyotambulika, hapo Homer alikuwa mjuzi wa watu, manake kila mmoja anamtambua kwa alama yake. Mbwa wake mzee, Argos, kalazwa juu ya lundo la samadi, anasikia sauti tu anatikisa mkia na anakufa palepale. Yaya aliyemlea anamwosha miguu anapapasa kovu la nguruwe pori juu ya goti, anaachia mguu unaangukia kwenye beseni maji yanamwagika. Mke ndo mgumu kuliko wote, hataki kovu wala sura, anamtega kwa kuagiza kitanda kitolewe nje, na mume anang'aka kwamba kile kitanda hakitoki kwa sababu alikichonga mwenyewe kwenye mzeituni ulioota palepale. Hapo ndo mke akamwangukia shingoni. Kwahiyo hakuna kurudi kwa jumla, kwamba nimerudi Tanga, umati umepokea, kwisha. Unarudi kwa mtu mmoja mmoja, na kila mtu ana mlango wake na ufunguo wake, na wengine walishakufa kabla hujafika mlangoni.

Mama yake Odysseus ni mmoja wa hao. Alimwacha hai, na hakuna aliyempelekea habari, alikuja kujua kwamba mama amekufa siku alipokutana na kivuli chake kuzimu. Anataka kumkumbatia mara tatu na mara zote tatu anakumbatia hewa.

Sehemu hiyo mi siwezi kuisomesha vizuri, nikuambie kwa nini. Nilikaa Ujerumani miaka sita kwa masomo, nikarudi Pangani 1996. Bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipa fedha ya nauli ya kwanza kabisa kwenda sekondari akiitoa kwenye ncha ya kanga. Enzi hizo hakuna WhatsApp, simu ni kwa miadi, barua inatembea wiki tatu. Nilivyoshuka stendi nikamkuta ami ananisubiri, nikamuuliza bibi hajambo? Akasema hajambo, anapumzika. Tukatembea. Tulivyokaribia nyumbani nikaona mikeka imetandikwa barazani na wanawake wamekaa na kanga vichwani, saa tisa alasiri, siku ya kawaida, nikajua. Bibi alikuwa amekufa miezi mitano nyuma na walikubaliana wote wanifiche mpaka nimalize mitihani, na siku ya kurudi kwangu wakatandika tena mikeka ili na mimi nipate msiba wangu, wakakaa na mimi, wakalia upya kabisa kama vile ni jana, watu ambao walishamaliza kulia zamani. Nilikasirika. Nilikasirika vibaya sana, nikawaambia mmenidhulumu. Sikuiona ile mikeka kwa macho mengine mpaka miaka mingi baadaye, kwamba kuna watu waliacha shughuli zao wakarudi nyuma miezi mitano ili tu nisiwe huko nyuma peke yangu.

Siku mbili za mwanzo nilitunzwa kama wewe ulivyotunzwa. Chai naletewa, maji ya kuoga napashiwa, nikitaka kuinua sahani nanyang'anywa. Siku ya tatu asubuhi shangazi yangu akatoka uani na mbuzi ya kukunia nazi, akaibwaga mbele yangu na nazi nne zimeshafuliwa, akasema haya umeshapumzika, kaa ukune. Sikuwa nimekuna nazi miaka sita. Kukuna nazi unazungusha kifuu taratibu, unachukua ile nyeupe tu, ukibonyeza sana meno yanafika kwenye ganda unaanza kutoa chenga za kahawia, na mi nilibonyeza, nilikuwa na hasira, tui likatoka na rangi ya maji ya mtaro. Shangazi akaliangalia, akaniangalia, akasema digrii mbili na hili ndo tui. Wakacheka uani mzima. Nikacheka na mimi nikilia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, si ndo wanavyosema? Kwetu jembe lilikuwa mbuzi. Na mi kama unaniuliza nilirudi lini, nitakwambia sikurudi siku niliyoshuka stendi.

Sasa we umekaa wiki 3 na hukupewa jembe. Ndo jibu langu la swali lako la kwanza kwa kifupi, na yote niliyoandika juu na nitakayoandika chini yanazunguka hapo. Mama hakukunyima kikombe cha kuosha kwa sababu hakutaki, alikunyima kwa sababu alikuwa anahesabu siku. Ukijua mtu anaondoka tarehe 4 Januari huwezi kumpa jembe, jembe linapewa mtu ambaye shamba litakuwa linamngoja kesho. Wewe ulifika na tiketi ya kurudi (ona hilo neno tena!) na kila mtu aliijua tarehe yake.

Tuje kwa mdogo wako, manake hapo ndo nimeona kidonda.

Kuna kisa ambacho Wakristo wanakijua kama cha mwana mpotevu, kiko Injili ya Luka sura ya 15, mi nimekulia chuoni, madrasa, na juzuu yangu lakini nilikisikia utotoni kwa jirani yetu muuguzi ambaye alikuwa anakisimulia vizuri kuliko mapadri. Kijana anachukua urithi wake baba angali hai, anaenda nchi ya mbali, anautapanya, anaishia kulisha nguruwe. Anajirudi, ndo anarudi, kwa mpangilio huo. Njiani anaikariri hotuba yake, nimekosa, sistahili kuitwa mwanao, nifanye kama mmoja wa vibarua wako. Anafika, baba anamkimbilia, anaanza hotuba, na baba hamngoji afike kwenye kipande cha kibarua, anamkatiza anaagiza kanzu na pete na ndama anenepeshwaye. Watu wanapenda kuishia hapo kwa kuwa hapo panatia machozi.

Lakini kisa hakiishii hapo. Kuna kaka mkubwa, na kaka mkubwa yuko wapi wakati huo? Yuko shambani. Yule ndo mwenye jembe. Anarudi jioni anasikia ngoma, anaita mtumishi anauliza kuna nini, anaambiwa ndugu yako amerudi, anagoma kuingia. Baba anatoka nje kumbembeleza, na kaka anamwambia miaka yote hii nakutumikia hujanipa hata mwanambuzi nifurahi na rafiki zangu, halafu akaja huyu mwanao. Hakusema ndugu yangu, alisema mwanao. Na kisa kinaishia palepale mlangoni, hatuambiwi kama aliingia. Mi nimekisoma mara nyingi na naamini kabisa kwamba chote kimeandikwa kwa ajili ya huyo aliyesimama nje.

Mdogo wako ndiye aliyempeleka mama hospitali usiku kwa bajaji. Ndiye anayejua dawa za presha ziko kopo gani. Ndiye anayekwenda kupokea hela unazotuma na kutoa hesabu ya kila shilingi kama karani, miaka 17, halafu unashangaa anakusemesha kama bosi? We ndo umekuwa bosi, bila kukusudia, na yeye amekuwa mfanyakazi kwenye nyumba aliyozaliwa. Halafu Desemba mama kachinja kuku watatu kwa ajili yako. Sijui kama alishawahi kuchinjiwa yeye.

Nisikutishe. Ila waandishi wetu wenyewe wa huku hawakuwa na huruma sana kwenye jambo hili la waliobaki. Ngũgĩ wa Thiong'o ana hadithi fupi moja, iko kwenye mkusanyiko wake wa 1975, kijana anaitwa Kamau anatoka kizuizini enzi za hali ya hatari Kenya, wakati wa ukoloni, anatembea kwenda kijijini anamuwaza mkewe Muthoni, anafika anaambiwa Muthoni ameondoka na mwanamume mwingine, yule mwanamume alikuja kuwaambia watu kwamba Kamau amekufa. Na wazazi wake waliamini. Anakimbilia mtoni na kifurushi chake alichokitunza miaka yote kama kumbukumbu ya mkewe, kifurushi kinaporomoka kinachukuliwa na maji, kwanza anashtuka halafu anajisikia mwepesi. Hiyo ni hadithi ya kutunga lakini Ngũgĩ yalishamkuta ya kweli, alipotoka bweni muhula wake wa kwanza shule ya Alliance mwezi wa nne 1955, mtoto wa shule na sanduku lake, akafika pale palipokuwa na kijiji chao akakuta hakuna kijiji, nyumba zimebomolewa, watu wamehamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji vya kulindwa. Nyumbani haikumbana, haikuwepo kabisa. Alikuja kukiandika akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70 na bado unaona kile kitoto kimesimama na sanduku.

Abdulrazak Gurnah yeye anagusa upande ambao sisi tuliosafiri hatupendi uguswe, yaani uongo wetu. Yeye mwenyewe alitoka Unguja kijana baada ya mapinduzi na hakuweza kurudi mpaka 1984, akamuwahi baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Kwenye riwaya yake ya 1996 kuna mtu anarudi Unguja kutoka Uingereza baada ya miaka mingi, ndugu wanamshughulikia kwa furaha wanamtafutia mchumba, na yeye anakaa kimya kwa sababu hajawahi kuwaambia kwamba ana mwanamke wa Kiingereza na ana binti mkubwa huko. Na huko Uingereza nako alishamtungia yule mwanamke nyumbani ambako hakukuwepo, wajomba wa kubuni, visa vya kubuni. Kwahiyo pande zote mbili kuna mtu anapendwa ambaye si yeye. Na kati ya vyote hivyo kinachomkera kuliko kitu chochote pale nyumbani ni vyoo kuziba. Nilicheka kwa sababu ni kweli, mtu anasafiri bara zima kutafuta roho yake halafu anakutana na choo.

Sasa mwanangu nikuulize na usinijibu mimi, ujijibu wewe: mama anajua unafanya kazi gani hasa? Anajua shifti za usiku? Anajua kuhusu baba wa mtoto, vyovyote ilivyo? Manake hukumtaja na mi sikuulizi. Kama ulimtumia picha za siku nzuri tu kwa miaka 17 basi Desemba alimpokea yule wa kwenye picha, na yule wa kwenye picha haoshi vikombe.

(Kezilahabi kwenye Kichwamaji, 1974, alimchora kijana wa chuo kikuu anayekwenda likizo kwao Ukerewe na hana la kuzungumza na wazazi wake. Sikushauri ukisome mwezi huu, kinaishia pabaya. Kisome ukiwa umetulia.)

Swali la pili, nirudi au nisirudi. Hapa nitakusikitisha kwa sababu sitakuambia. Lakini nitakupa visa viwili ambavyo ulivisoma chuoni ukiwa mdogo na pengine hukuviangalia kwa jicho hili.

Nabii Yusuf aliuzwa mtoto, akafika Misri, akapanda mpaka akawa mkubwa wa hazina. Tunasimulia jinsi nduguze walivyokwenda kuomba chakula wasimtambue, na jinsi alivyompelekea baba yake kanzu ikawekwa usoni macho yakafunguka. Lakini umewahi kujiuliza, Yusuf alirudi Kanani lini kuishi? Hakurudi. Nyumbani ndo kulimfuata, baba, mama, ndugu wote wakahamia Misri. Na ndoto yake ya utotoni ikatimia hukohuko ugenini.

Cha pili ni cha Mtume wetu (S.A.W.). Alitolewa Makka 622, mji aliozaliwa, na aliupenda. Miaka 8 baadaye, 630, akaingia Makka mshindi, hakuna wa kumzuia, angeweza kukaa. Ansari, wale watu wa Madina waliompokea, wakaanza kunong'onezana kwamba sasa amepata mji wake na jamaa zake, huyu hatutamwona tena. Akawahakikishia kwamba uhai wake ni kwao na mauti yake ni kwao. Akarudi Madina, na 632 akafia huko na kaburi lake liko huko mpaka leo. Ona basi, alirudi Makka na akarudi Madina, na lugha yetu inaruhusu kabisa kusema hivyo bila kuona aibu. Kwahiyo ile "nikarudi Leicester" yako usiifute. Leicester kuna watu waliokupokea, kuna mtoto, kuna kazi ambayo ukikosa siku moja mtu anapiga simu kuuliza uko wapi. Huko una jembe.

Halafu mtoto. Umesema hajawahi kufika Tanga, na naogopa utamwambia "tunarudi nyumbani". Kabla hujamwambia hivyo kumbuka ndugu zetu wa Oman. Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika warudi wajenge nchi, na wengi walikwenda kutoka huku, wengine wazaliwa wa Unguja na Pemba na mwambao wetu huu, ambao Muscat walikuwa wanaisikia kwa wazee tu. Walisemwa wanarudi. Wamefika, Kiarabu kinawapiga chenga, majumbani Kiswahili, na wenyeji wakawaita Wazanzibari, jina ambalo huku Zanzibar wengine walikuwa wananyimwa. Wamejenga nchi wamefanikiwa, sisemi vibaya, ila walirudi mahali ambapo hawajawahi kutoka. Mtoto wako mwambie tunaenda Tanga. Tunaenda kwa bibi. Siku akija kusema mwenyewe "lini tunarudi Tanga" utajua kuna kitu kimeota.

Ya kufanya sasa, kwa kuwa najua ulitaka na hayo. Usiende wiki 3, omba likizo hata isiyo na malipo ukae wiki 6 na usiwatangazie tarehe ya kuondoka, sema nitaangalia. Mabegi, beba moja. Siku ya kwanza na ya pili tulia utunzwe, usibishane na mama. Wiki ya kwanza hiyohiyo mwombe mdogo wako akupeleke nyumba kwa nyumba ukahani misiba yote iliyopita wakati haupo, miaka 17 si michache, orodha itakuwa ndefu na itakuchosha, lakini pale Ngamiani hakuna kitu kitakachokutoa ugeni haraka kama kuingia nyumba ya mtu ukasema nimekuja kutoa pole ya mzee, nilikuwa mbali. Na mkiwa njiani muulize mdogo wako yeye alikuwa wapi siku ya kila msiba. Muulize halafu unyamaze. Hesabu za hela zisiingie kwenye hiyo matembezi hata shilingi moja.

Na Odysseus kuna mtu nilimwacha makusudi, baba yake. Yule anamwendea mwishoni kabisa, sehemu ya 24. Anamkuta mzee kwenye shamba la miti, peke yake, nguo ina viraka, analimia mche. Mzee anataka alama. Anamwonyesha kovu, halafu anaanza kumtajia miti, hii mipea 13 ulinipa, mitufaha 10, mitini 40, mistari ya mizabibu 50, nilikuwa mdogo nakukimbilia nyuma humuhumu shambani nakuuliza hii inaitwaje na hii inaitwaje na wewe unanitajia. Mzee miguu ikamlegea. Hata wewe na mama mna miti yenu ambayo hakuna mwingine anayeijua, mi siijui, nenda nayo.

Siku ya tatu amka alfajiri umfuate jikoni, akikufukuza usitoke. Nazi mnunue nzima, hizi za kusagwa na mashine pale sokoni usiziingize nyumbani siku hiyo. Muulize mbuzi iko wapi. Sitashangaa akikwambia iko uvunguni mwa kitanda ulichokuwa unalalia.